Soketi Kwanza, Friji Baadaye

Swali linalonifikia zaidi siku hizi, wadogo zangu, ni la chumba kimoja na vyombo vingi. Chumba ni futi kumi kwa kumi. Huyu amenunua friji ndogo auze maji baridi na sharubati. Yule ametumiwa pesa na kaka yake aliye Qatar, kanunua mashine ya kufulia. Mwingine ana maikrowevu ya mtumba ambayo hulala kitandani mchana na sakafuni usiku kwa sababu hajaipatia mahali. Wote wanauliza neno moja: dada, nipange vipi vitoshee?

Nitakujibu mapema, ili hata ukiitwa sasa hivi foleni ya maji imefika kwako, uende na jibu. Usianze na nafasi, anza na waya. Chumba cha Kambi Muru, hapa kwetu Kibera, mara nyingi kina mahali pa friji. Kisichokuwa nacho ni soketi ya kutosha. Ukishajua stima yako inabeba nini, ndipo utajua kipi kiingie, kipi kipande ukutani na kipi kibaki dukani. Ukianza na nafasi, utapanga kona nzuri ya kupigia picha, halafu siku moja ianze kunuka plastiki inayoungua.

Jiko lilivyoingia chumbani

Kabla ya kupima chochote, acha kujilaumu kwamba unapenda vitu. Kubanwa kwako kumetokana na jinsi nyumba zenyewe zilivyobadilika. Kambi Muru, kama Makina na Lindi, ni makazi ya zamani ya Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia King's African Rifles na kuruhusiwa kukaa katika msitu huu mwanzoni mwa karne ya 20. Nyumba za zamani zilikuwa na ua, na kazi chafu zote zilikuwa huko: moshi, kufua, kuosha vyombo, kuku. Mji ukakua, wapangaji wakaja, ua ukajengwa vyumba vya kukodisha vinavyotazamana kwenye korido. Jiko likakosa pa kwenda, likaingia ndani na kujibanza nyuma ya pazia, pembeni mwa kitanda.

Kawangware nako ni yale yale, ila kwa mawe. Gatina au Kabiro, ghorofa zinapanda lakini chumba kinabaki kimoja, na bomba na choo ni vya watu wote wa floo.

Kwa hiyo kona yako ya nyuma ya pazia ni jiko, ni stoo, ni chumba cha kufulia, na jioni ni bafu la mtoto. Mahali penye kazi nne hapapangwi kwa kusukuma vitu mpaka vikae. Panapangwa kwa kujua kila kazi inataka nini: ipi inataka moto, ipi maji, ipi stima, na zipi hazifai kukaribiana.

Hesabu ya soketi

Stima yetu Kenya ni volti 240. Ile plagi ya miguu mitatu ina fyuzi ndani, na kubwa kabisa ni ya ampea 13. Zidisha, upate wati 3,120. Hicho ndicho kikomo cha plagi moja, na ekstensheni yote iliyochomekwa kwa plagi hiyo inahesabika humo humo, hata ikiwa na matundu sita. Matundu hayaongezi stima, yanaongeza tamaa. Na ekstensheni ya bei ya chini yenye waya mwembamba huanza kupata joto kabla hata ya kufika huko.

Geuza kila kifaa, utafute kibandiko chenye herufi W. Mara nyingi utakuta hivi:

- TV ya inchi 32: wati 40 hadi 60.
- Friji ndogo: kama 100 ikishatulia, ingawa inapowaka huvuta mara kadhaa ya hizo kwa muda mfupi sana.
- Blenda: 300 hadi 500.
- Mashine ya kufulia ya matangi mawili: 300 hadi 500.
- Pasi ya kawaida: 1,000 hadi 1,200.
- Maikrowevu iliyoandikwa 700: huvuta kama 1,100, kwa sababu 700 ni ile inayofikia chakula.
- Hita ya kuchovya ndooni: 1,000 hadi 2,000.
- Birika la umeme: 1,500 hadi 2,200.

Umeona kinachotokea? Vile vikubwa vinavyokutisha kwa mwili ndivyo vinavyokula kidogo. Friji, TV, blenda na mashine ya kufulia vikiwaka kwa pamoja havifiki wati 1,200. Lakini birika la 2,000 na hita ya 1,500, vitu unavyobeba kwapani, vimeshapita kikomo cha ekstensheni vikiwa viwili tu. Ndiyo maana fyuzi hukatika asubuhi ya Jumatatu, mmoja akichemsha chai, mwingine akichemsha maji ya kuoga, na wa tatu akinyoosha yunifomu ya shule.

Sheria ya kwanza basi ni hii: kila kinachotoa joto kinaenda kwa zamu, kimoja kimoja, na kinachomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni ni ya vile vidogo vya kudumu, yaani TV, wufa, simu na taa. Friji ukiweza ipe soketi yake yenyewe. Na usiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni, hata kwa usiku mmoja wa mechi.

Hayo ni ya stima yenye mita. Kama uko kwenye sambaza, ile stima ya kuungiwa bila mita, ifute hesabu yote hiyo. Waya wa sambaza mara nyingi ni mwembamba, umeungwa kwa mkono, umelazwa juu ya mabati, na unalisha vyumba ambavyo hakuna anayejua idadi yake. Hauna waya wa kushuka ardhini wala swichi ya kukata mambo yakiharibika. Ukichubuka na kugusa bati, ukuta mzima unakuwa na stima, na mtoto anayeegemea ukuta hana habari. Friji nayo haidumu hapo. Jioni kila mtu akiwasha vyake, nguvu ya stima hushuka, kompresa hujikokota kuwaka, inapata joto, na baada ya muda unamwita fundi akuambie kwamba imekwisha.

Sikuhubirii, mdogo wangu. Najua mita haitegemei wewe peke yako. Ninachokuomba ni mpangilio wa pesa: usilipe awamu ya kwanza ya friji kabla hujajua stima ya chumba chako inatoka wapi. Pesa hiyo hiyo, mkijumuika wapangaji watatu au wanne, inaweza kumsukuma landilodi aombe mita ya tokeni kutoka Kenya Power. Mita ndiyo kifaa cha kwanza cha kununua, ingawa haina rangi nzuri.

Na ukishapata mita, ujue bei ina madaraja. Tangu Aprili 2023 daraja la chini la matumizi ya nyumbani ni la wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, la pili linafika 100, na la tatu ni la wanaopita hapo. Friji ndogo inayokula uniti moja kwa siku inamaliza zile 30 peke yake, kabla hujawasha taa. Kama ploti nzima iko kwenye mita moja, basi friji yako inawapandisha daraja hata wasioifungua. Ongea nao mapema. Ugomvi wa stima kwenye korido hauishi kwa kumwagiana maji tu.

Sakafu 12, ukuta 49

Sasa chukua tepu. Chumba cha futi kumi kwa kumi kina futi za mraba 100. Kitanda cha nne kwa sita kinachukua 24, karibu robo. Toa kochi, toa meza, toa stendi ya TV, toa mahali mlango unapofungukia na njia ya kupita. Kona inayobaki nyuma ya pazia kwa wengi wenu ni kama futi tatu kwa nne, yaani futi za mraba 12. Hapo ndipo watu hukata tamaa.

Lakini inua macho. Kona hiyo ina kuta mbili. Ukuta ukiwa na kimo cha futi saba, tatu kujumlisha nne mara saba ni futi za mraba 49. Ukutani una mara nne ya ulichonacho chini, na pengine sasa kumening'inia kalenda na mfuko wa vitunguu tu.

Wazo la kutumia ukuta si jipya. Mwaka 1926, mji wa Frankfurt huko Ujerumani ukijenga nyumba za watu wa kipato kidogo, msanifu mmoja mwanamke, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko la upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Alichukua mfano wa jiko la behewa la chakula kwenye treni, ambamo wapishi hulisha abiria wengi wakiwa wamebanwa mahali padogo. Kisha akapanga kila kitu kiwe mkono unapofika, na ubao wa kupigia pasi akaufunga ukutani kwa bawaba, ukimaliza unaukunja. Majiko ya namna hiyo yalijengwa kama elfu 10. Sisi ambao treni inapita kati ya vibanda vyetu tunaweza kuchukua somo hilo bila kwenda Ujerumani: mwambie fundi akukatie ubao wa futi moja na nusu kwa tatu, aufunge ukutani kwa bawaba mbili na mnyororo. Mchana ni meza ya kukatia sukuma, jioni ni ya pasi, usiku umelala ukutani na wewe unapita.

Jinsi ya kutumia ukuta inategemea ukuta wenyewe. Ukuta wa udongo uliopigwa plasta ya simiti unasimamishwa na nguzo za miti. Katikati ya nguzo na nguzo, msumari unashika udongo tu, na rafu yenye maikrowevu itaanguka na kipande cha ukuta. Gonga kwa kidole usikie nguzo iko wapi, utundike hapo vitu vyepesi: sufuria, vikombe, ungo. Vizito visitundikwe. Viweke kwenye raki ya chuma inayosimama kwa miguu yake. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanakuchomelea kwa vipimo vyako, kwa hiyo nenda na vipimo, usinunue ile iliyo tayari kisha ukakate kitanda. Ukuta wa mabati usipigiwe chochote karibu na waya.

Ukiwa kwenye chumba cha mawe Kawangware, ukuta unabeba vizuri, lakini ni wa landilodi. Muulize kabla ya kutoboa. Deposit imeliwa kwa matundu madogo kuliko hayo.

Chini ya kitanda nako kuna futi 24 zinazolala bure. Pandisha miguu ya kitanda kwa matofali ya simiti, moja kila mguu, na uhakikishe hakitikisiki. Hapo vinaingia mitungi ya maji ya lita 20, makarai, magunia ya nguo za baridi. Kila mtungi unaoingia chini ya kitanda ni futi moja ya kona iliyookolewa kwa ajili ya friji. Wenye watoto, dabodeka inafanya kazi hiyo maradufu.

Gesi, maji na stima wasilale pamoja

Hapa naomba unisikilize kwa masikio yote mawili. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatokea kwenye matundu ya mabati. Inashuka, inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye kona. Friji nayo, hasa ya mtumba, ina swichi inayoweza kutoa cheche kila inapojiwasha, na iko hapo hapo chini. Ukiweka meko na friji bega kwa bega nyuma ya pazia lililofungwa, umewakutanisha wasiotakiwa kukutana.

Kwa hiyo meko inakaa upande wa mlango au dirisha, penye hewa inayopita hata chini. Friji inakaa upande wa pili. Mtungi wa gesi husimama wima siku zote, na haufungiwi kabatini kusiko na matundu. Kama umehama kutoka meko ya kilo 6 hadi mtungi wa kilo 13 na jiko la macho mawili, angalia paipu: ikiwa ngumu, imepasuka au imepita tarehe iliyoandikwa juu yake, ibadilishe. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, linavuja. Kiberiti si kipimo.

Pazia ndilo hatari inayosahaulika kwa sababu ni zuri. Watu wengi hulivuta mpaka liguse meko ili wageni wasione masufuria. Likate, au sogeza kamba, libaki mbali na moto hata upepo ukilipeperusha. Wageni wakiona masufuria hakuna atakayekufa.

Maji nayo yana upande wake. Usiweke mtungi wa maji juu ya soketi wala kwenye rafu iliyo juu ya ekstensheni. Ekstensheni isilale sakafuni unapopiga deki. Itundike ukutani juu ya goti, mbali na mikono ya mtoto anayetambaa. Na ile hita ya ndoo: ichovye majini kwanza, ndipo uwashe, zima na uchomoe plagi kabla hujagusa maji hata kwa kidole. Ndoo ya lita 20 kwa hita ya wati 1,500 inachukua kama dakika 25 kupata joto la kuoga, na inakula zaidi kidogo ya nusu uniti. Dakika hizo usiziache zipite ukiwa dukani. Maji yakichemka mpaka yakapungua, hita itabaki inawaka hewani, na ndoo ni ya plastiki.

Kila kifaa na mahali pake

*Friji.* Pima mlango wa chumba kabla ya kupima friji, na upime pia korido pale inapokunja. Ndani, iachie nafasi ya hewa nyuma, upana wa kiganja chako hivi, kwa sababu joto inalotoa kwenye chakula linatokea huko. Usiizibe nyuma kwa leso wala usiitumie kukaushia soksi. Vitambaa vya kufuma juu yake ni ruksa, visishuke tu mgongoni. Iinue kwenye kiti kidogo cha chuma au matofali, maana sakafu ya vyumba vyetu hulowa mvua ikinyesha, na kutu huanzia chini. Ikiletwa kwa mkokoteni ikiwa imelazwa, isimamishe uiache saa kadhaa kabla ya kuichomeka. Nunua na friji gadi, kile kifaa kinachosubiri dakika chache stima ikirudi, maana stima inayorudi kwa kishindo ndiyo inayoua kompresa.

Kama unanunua mtumba, mwambie muuzaji aiwashe na uondoke ukazunguke Toi Market. Ukirudi iwe imeshika baridi, si kuvuma tu. Kisha funga mlango wake ukiwa umebana noti ya shilingi mia. Ukiivuta ikatoka kama imewekwa kitabuni, mpira umechoka, na baridi utakayolipia itatoka hapo. Kwa friji mpya, soma lebo ya nyota: nyota nyingi ni tokeni kidogo.

*Mashine ya kufulia.* Hapa wengi wanauziwa kifaa cha nyumba nyingine. Ile inayojiendesha yenyewe, yenye mlango wa kioo mbele, inataka bomba lenye presha na mara nyingi ina hita yake ndani. Kwa mtu anayenunua maji kwa mtungi, hiyo ni sanduku la gharama. Inayofaa kwetu ni ya matangi mawili, moja la kufua na moja la kukamua. Hiyo unaijaza maji kwa ndoo, haina haja ya bomba, na maji ya suuza ya mwisho unaweza kuyatumia kuanzia mzigo unaofuata. Iweke kwenye sakafu iliyo sawa, la sivyo wakati wa kukamua itatembea. Paipu ya maji machafu ielekee kwenye beseni au mtaro, si chini ya mlango wa jirani. Ifanye kazi mchana, kwa sababu ukuta wa bati unapeleka mtikisiko wake mpaka chumba cha tatu. Na usiitoe nje kwenye korido yenye maji ukiivutia waya kupitia dirishani.

Isipotumika, ifunike na uifanye meza. Ina kimo cha meza na haimuudhi mtu.

*Maikrowevu.* Raki ya chuma, kimo cha kifua, isiyo juu ya meko. Mvuke na mafuta ya kukaanga vinaingia kwenye matundu yake na kuiharibu. Isipate soketi moja na birika kwa wakati mmoja.

*Birika, pasi, blenda.* Hivi havihitaji mahali pa kudumu, vinahitaji ndoano. Kila kimoja kitundikwe karibu na soketi ya ukutani, na kisubiri zamu yake. Pasi ipoe kwanza.

Vya kutoingiza

Dada yako mkubwa hana budi kukuambia na hili: kuna kifaa ambacho mahali pake pazuri ni chumba cha mtu mwingine. Mashine ya kufulia inayofanya kazi Jumamosi tu inalala siku sita kwenye futi zako 12. Wapangaji wanne wa korido moja wakinunua moja, ikakaa kwa yule mwenye stima nzuri na sakafu iliyo sawa, kila mmoja amepata mashine kwa robo ya bei. Au mfuate mama fua anayekufulia. Huenda yeye ndiye anayestahili mashine hiyo, mkakubaliana alipe kidogo kidogo kwa kazi. Nguo zako zitafuliwa, mikono yake itapumzika, na kona yako itapumua.

Kutumia kwa pamoja si jambo geni kwetu. Laini Saba lilijengwa Jiko la Jamii, lililobuniwa na msanifu Jim Archer, la kuchoma takataka zilizokusanywa mtaani ili watu wapikie na wapate maji ya moto. Vyoo vyetu vingi ni vya pamoja, bomba ni la pamoja. Kwa nini kila chumba kiwe na blenda inayolia mara moja kwa wiki?

Andika, basi, orodha ya vifaa vyako, na pembeni uandike unavitumia mara ngapi. Kila siku: kinapata mahali. Kila wiki: kinapata ndoano au jirani. Mara moja kwa mwezi: kiuze, pesa hiyo ndiyo raki.

Siku ya kupanga

Chagua siku isiyo na mvua na uanze asubuhi. Zima stima kwenye meinswichi, toa kila kitu nje ya kona hadi sakafu ionekane. Kagua waya wote kwa macho: uliochubuka, ulioungwa kwa selotepu, ulioliwa na panya. Soketi yenye weusi au inayolegea iitie fundi, na fundi huyo awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, si kijana aliyeunganisha sambaza wiki jana. Ukitaka kuongezewa soketi ya pili, ni landilodi wa kuombwa, na mara nyingi atakubali ukimwonyesha kwamba bila hivyo ekstensheni yako inaweza kumchomea vyumba vyote 10.

Kisha rudisha kwa mpangilio: raki kwanza, friji ya pili, meko upande wake, maji chini ya kitanda, ndoano mwisho. Pazia lifuate vitu, vitu visifuate pazia. Njia kutoka kitandani hadi mlangoni iwe wazi kiasi cha kupita usiku gizani na mtoto mgongoni, kwa sababu moto ukianza hutakuwa na muda wa kuruka ndoo.

Waambie na wa nyumbani, hata mtoto wa darasa la tatu: moto wa stima haumwagiwi maji. Zima meinswichi, funga gesi kama unafikia, tokeni nje mkipiga kelele za kuamsha korido. Karibu na mlango weka debe la mchanga. Waya ukianguka, msiuguse. Kenya Power wana namba ya bure ya dharura, 97771. Iandike ukutani kwa makapeni, maana simu yenye namba hiyo inaweza kuwa chaji imekwisha.

Mwenye kuona kona yake bado imeshindikana aniandikie. Lakini usinitumie picha ya friji pekee ukinisifia rangi yake. Niambie ukuta ni wa udongo au wa mawe, soketi ziko ngapi, vifaa vina wati ngapi, na mita ni ya nani. Nikishajua hayo manne, hilo la wapi friji ikae nitalijibu kwa mistari miwili.